Gari la Kutuvusha Mwanhale

Mume wangu Chenge alifariki mwezi wa tatu, mchana, ndani ya gari la kukodi lililokuwa limezama kwenye korongo la Mwanhale. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alituambia baadaye kwamba ni ugonjwa wa kupasuliwa na kupona, ikiwa mgonjwa anafika mapema. Sisi hatukufika.

Naandika haya ili nisisahau jinsi tulivyopata gari letu. Watu wa kwetu wameshaanza kulisimulia kila mmoja kwa namna yake, na katika masimulizi ya shemeji yangu Jonathan mimi nimekuwa mwanamke wa kutisha.

Mwanhale ni kwao mume wangu. Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Shinyanga, unapita Usagara, unapita Misungwi, halafu unaacha lami na kuingia mbugani. Udongo wa kule ni mweusi. Kiangazi unapasuka kama kisigino, na mvua ikinyesha unakuwa ugali. Katikati ya njia kuna korongo lisilo na daraja. Maji yake si mengi, tope ndilo tatizo.

Gari tulilokodi siku ile lilikuwa dogo, la watu watano. Tulipanda kumi na mmoja. Kwetu mgonjwa hasafiri peke yake. Mama yake mzazi lazima awepo. Shangazi lazima awepo, maana asipokuwepo ukoo utamuuliza alikuwa wapi. Yuko wa kumshika mgonjwa kichwa, yuko wa kupika kule hospitali, yuko wa kulinda mizigo. Na godoro, na sufuria, na gunia la mkaa. Dereva alilalamika kidogo, kisha akanyamaza. Nani angemwambia mama wa mgonjwa ashuke? Sisemi hivi ili kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba gari lilikuwa dogo kuliko sisi.

Baada ya matanga, mama mkwe wangu, Mama Kija, alianza kuanguka. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani, na sasa ukazidi. Nilimwomba aje kukaa nami Buhongwa, ninakouza dagaa sokoni, awe karibu na hospitali.

"Nikija huko," aliniuliza, "nani atamfagilia mwanangu?"

Kaburi la Chenge liko nyuma ya nyumba yake. Analifagia kila asubuhi. Nilimbembeleza mara nyingi mpaka nikaona ninamtesa, nikaacha. Kama mama hatakwenda kwenye hospitali, basi lazima kiwepo kitu cha kumfikisha huko siku moyo utakapomwangusha tena, iwe kiangazi au masika. Nililisema hilo mbele ya kikao cha ukoo. Wazee wakakubali ng'ombe wa Chenge wauzwe, linunuliwe gari la nyumbani. Jonathan, mdogo wake Chenge, ndiye aliyepewa kazi ya kulitafuta, kwa kuwa anajua kuendesha. Lakini mimi nilipewa neno la mwisho.

Tulianza kutafuta mwezi wa nane. Jonathan alinipeleka kwenye yadi za magari za mjini, na kila yadi nilifanya jambo moja. Nilisimama kando ya gari na kutazama tumbo lake linafika wapi kwenye mguu wangu. Siku ile tope lilinifika juu ya goti.

"Mama unapima gari kama unapima sketi," dalali mmoja alinicheka.

"Sketi fupi ndiyo ninayoitaka," nikamjibu.

Tuliona magari mengi. Moja lilivushwa na feri kutoka Nansio, mwenye nalo akaapa kwamba ni chuma kitupu. Tulipoinama tukakuta chini kumeliwa. Lilikuwa limebeba samaki wabichi miaka yote hiyo, na maji ya chumvi na barafu yalikuwa yakichuruzika kwenye chesisi. Jonathan alichomeka kidole, kidole kikaingia. Jingine lilikuwa refu la kupendeza, lakini tulipomuuliza fundi akasema linavuta kwa matairi ya mbele tu. Urefu wake ulikuwa wa kutazamwa.

Mwezi wa tisa, Jonathan akampata Rugambwa.

Rugambwa ni mtu wa Bukoba, ana yadi Nyegezi, mahali ambapo ukisimama unaliona Ziwa. Ni mtu mstaarabu, suruali ina mstari, viatu vinang'aa. Alituonyesha gari jeusi, refu, pana, lenye viti vya ngozi. Jonathan alikaa nyuma ya usukani, akasahau kushuka.

"Shemeji, lina kamera ya nyuma!"

"Vizuri. Tope utaliona vizuri kwenye kamera."

"Mama Gladness," Rugambwa akaniita kwa jina la binti yangu, "hili linavuta matairi yote manne. Limepanda vilima vya mawe hapa Mwanza mbele ya macho yangu. Hili halina mahali lisipofika."

"Nimesikia, kaka. Tutalijaribu Mwanhale."

"Hata leo."

"Leo hapana. Tutasubiri mvua."

Rugambwa akamtazama Jonathan, Jonathan akatazama Ziwa. Kila mtu hununua gari kiangazi, linapita vizuri, anafurahi. Mimi sikuwa na haja ya kujua kama linapita kiangazi. Kiangazi hata baiskeli inapita.

"Lakini mama, likipata mteja mwingine?"

"Atakuwa amepata bahati."

Jonathan alinirudisha Buhongwa. Tulipofika mlangoni akasema, "Shemeji, Mama anaweza kuanguka hata kesho, na sisi tunasubiri mvua."

Maneno yake yaliniingia, kwa sababu yalikuwa kweli. Sikulala vizuri majuma yale. Simu yangu sikuizima kamwe, usiku wala mchana, kwa ajili ya Mwanhale. Lakini sikubadili neno. Kiangazi tungepata gari lolote la kukodi kumtoa. Hatari ilikuwa masika.

Mvua zilifika mwezi wa kumi na moja. Zilinyesha juma zima, na siku anga lilipopumua nikampigia Rugambwa.

Tuliondoka asubuhi. Rugambwa mwenyewe aliendesha lile jeusi, Jonathan mbele, mimi nyuma. Nyuma yetu kulikuja gari jingine, la zamani, lenye rangi iliyokuwa nyeupe na sasa inafanana na chai ya maziwa. Ni yale magari ambayo watu huyaita mkonga, kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo. Aliliendesha kijana wake Rugambwa, Machibya.

"Yule anakuja kufanya nini?" niliuliza.

"Amebeba mafuta ya akiba," alisema Rugambwa.

Tulifika kwenye korongo. Mvua ya usiku ilikuwa imelilainisha vizuri. Nilikaza macho nisitazame upande wa kulia, kwenye mti wa miiba, pale lilipozama lile gari la kukodi. Rugambwa akabonyeza kitu, gari likaingia, likayumba, matairi yakarusha tope hadi kwenye paa, likatoka. Jonathan akapiga makofi.

"Umeona, shemeji! Umeona!"

"Nimeona. Sasa twende nyumbani tukapakie."

"Tukapakie nini?" Rugambwa aliuliza.

"Mgonjwa."

Nilikuwa nimewapigia simu tangu jana yake. Tulipofika, Mama Kija alikuwa ameketi kibarazani amevaa viatu, na kando yake Shangazi Selina, dada wa baba mkwe wangu, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Palikuwa na godoro limekunjwa, sufuria mbili, gunia la mkaa, kuku wawili wamefungwa miguu na majirani wa kutosha.

Rugambwa alitoa shikamoo zake zote kwa adabu, kisha akanivuta pembeni.

"Mama Gladness, hawa wote?"

"Wote."

"Hakuna mtu anayeumwa hapa."

"Leo hakuna. Siku atakapokuwepo, hivi ndivyo tutakavyosafiri. Mimi sitaweza kuwabadilisha, kaka yangu, wala wewe hutaweza. Natafuta gari la watu hawa, siyo la watu wa kwenye picha."

Tukapakia. Mama mbele. Shangazi akaingia nyuma, gari likainama upande wake.

"Viti vinateleza kama samaki," alisema. "Mhaya, umevipaka mafuta?"

"Ni ngozi, mama."

"Ya ng'ombe gani mlaini hivi? Huyu hakuwa wa kwetu."

Godoro likawekwa juu ya wanawake watatu, kuku miguuni, mkaa nyuma pamoja na vijana. Rugambwa alitazama mkaa ukikaa kwenye zulia la gari lake, akafumba macho kidogo. Jonathan hakupata nafasi. Alipanda kwa Machibya.

Kwenye korongo gari jeusi liliingia kwa kasi ileile. Halikufika katikati. Tumbo lilikaa juu ya tope na matairi yote manne yakazunguka hewani, bila kushika kitu, yanapiga kelele nzuri tu. Rugambwa akakanyaga mafuta, tukashuka zaidi. Tope lilipofika kwenye mlango nilisikia pumzi ya Mama, fupifupi, naye akaushika mkono wangu kupitia upande wa kiti. Tulikuwa tumekaa hivyohivyo mwezi wa tatu.

"Wahaya mnajisifu hata mkizama," alisema Shangazi.

"Hatuzami, mama," Rugambwa akajibu kwa sauti ndogo. "Tunatua."

Wanawake wakacheka mpaka kuku wakashtuka, na mkono wa Mama ukalegea.

Tukashuka, mmoja mmoja, vijana wakambeba Mama hadi ng'ambo ya nyumbani. Ndipo Machibya akauleta mkonga, akatoa mnyororo uliokuwa chini ya kiti, mnene kama mkono wa mtoto, akalivuta lile jeusi kinyumenyume hadi pakavu. Hakuhangaika. Alifanya kama mtu anayevuta kiti.

Nilimtazama, kisha nikamtazama Rugambwa, ambaye alikuwa anakung'uta suruali.

"Kaka Rugambwa. Hayo ndiyo mafuta ya akiba?"

Akaendelea kukung'uta.

"Ulijua litazama."

"Nilijua laweza. Nikiwa na wateja siendi porini bila hili."

"Basi tupakie hili."

"Hili siuzi, mama."

"Sijasema uniuzie. Nimesema tupakie."

Viti vya mkonga ni mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, yameshonwa viraka. Shangazi akakaa akasema sasa ameketi kama binadamu. Godoro likalala katikati bila kumkalia mtu. Mama tulimweka mbele, mimi katikati, karibu na gia. Rugambwa na Jonathan walibaki ukingoni na lile jeusi, wanalifuta kioo.

Machibya alisimama kabla ya kuingia, akavuta kigongo kifupi cha kuongeza nguvu, kilichopo kando ya gia kubwa, injini ikabadilisha sauti. Akaingia polepole, kama anayeingia kanisani amechelewa. Tope likapanda. Tukafika pale lile jingine lilipotua, tukapapita. Mbele kidogo, gari likasimama.

Injini ilikuwa inanguruma, lakini hatuendi. Upande wa kushoto kulikuwa na ule mti wa miiba, na safari hii nilikuwa mbele yake kabisa.

"Shusha watu!" Rugambwa alipiga kelele kutoka ukingoni. "Machibya, shusha watu!"

Machibya akanitazama. "Mama, mnashuka?"

"Siku ya mgonjwa hatutashuka. Leo pia hatushuki. Fanya unalojua."

Akafikiri. Akarudisha gari nyuma, kidogo sana, katika njia yake mwenyewe, akaenda mbele, akarudi, akaenda. Kila mara tulisogea kiasi cha kiganja. Nilisikia tairi la mbele likigusa kitu kigumu, na mkonga ukapandisha pua, maji yakamwagika kutoka milangoni, tukatoka upande wa pili tukiwa wote ndani, na kuku.

Machibya akazima gari. Nikasema:

"Ni hili."

Rugambwa alivuka korongo kwa miguu, viatu mkononi, suruali imepanda hadi magotini. Akafika dirishani.

"Hongera Machibya. Haya, mama, tumejaribu, tumeona. Nitakutafutia linalofanana na hili. Nipe hadi mwaka mpya."

"Mvua imeshaanza, kaka."

"Hili ni mguu wangu. Ndilo linalovuta mengine."

"Ndiyo maana nalitaka. Una magari yote ya pale Nyegezi, na ulipokuja Mwanhale ukachukua hili."

Akakohoa. "Basi shukeni kwanza, tuzungumze vizuri."

"Mimi sishuki."

Nilisema bila kupaza sauti. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Rugambwa akageukia upande wa Mama, akitafuta msaada wa mkubwa.

"Mama, shikamoo tena. Mwambie binti yako."

Mama Kija akavuta kanga mabegani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimekaa vizuri. Kiti hiki hakinichomi mgongo."

Nyuma, Shangazi Selina alikuwa amefungua bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, analipitisha benchi hadi benchi. Likamfikia Rugambwa dirishani. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukataa chakula cha mama mzee. Akachukua kipande, akala, amesimama kwenye tope, na watu wakaanza kukusanyika kutoka mashambani kuja kutazama.

Alilizunguka gari mara mbili. Aligonga bati. Sijui alikuwa anaagana nalo au anajifariji.

"Nikiwauzia hili," alimwambia Machibya, "wateja wengine tutawavuta na nini?"

"Bosi, si tuuze yale yasiyozama."

Watu waliangua kicheko. Jonathan naye alikuwa amevuka, tope hadi mapajani, akasimama kando ya Rugambwa. Nilidhani atamtetea. Akasema, "Kaka, mimi namjua huyu. Matanga yaliisha mwezi wa nne, yeye hajashuka mpaka leo. Tukubaliane tu."

Rugambwa akamtazama Mama. Kwa mara ya kwanza tangu tuonane hakutabasamu.

"Ndiyo hapa?" aliniuliza.

"Ni hapa."

Akavaa viatu juu ya tope lilelile.

"Jumatatu mje yadini."

"Sema mbele ya watu," alisema Mama.

"Gari ni la huyu mama," Rugambwa akasema kwa sauti, na mmoja wa wanawake akaanza kigelegele. Mama akainua kiganja, kigelegele kikakatika. Akafungua mlango na kushuka peke yake, polepole, huku tukiuhofia ule moyo wake. Akaenda hadi ukingoni mkabala na mti wa miiba. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile. Alisimama kidogo.

"Haya, baba," alimwambia mwanawe, kisha akarudi kupanda.

Jumatatu tulikwenda yadini. Rugambwa alipunguza kidogo na akatupa ule mnyororo, ingawa hatukuuomba.

Mama alianguka mwezi wa kwanza, saa nane mchana, akipepeta mtama. Jonathan alikuwa likizo Mwanhale, nami nilikuwa nimekwenda kumwona Mama. Tulipakia kama tunavyopakia sisi, nami nilihesabu vichwa nikaacha, hawakuhesabika. Kwenye korongo Jonathan alivuta kile kigongo kifupi, akaenda mbele, akarudi, akaenda, midomo yake ikisema maneno nisiyoyasikia. Kabla ya magharibi tulikuwa hospitali.

Nesi alitoka mlangoni na kutukuta tumejaa ukumbi mzima na godoro letu.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Mikono yote ikapanda.

"Anaruhusiwa mmoja!"

"Basi chagua wewe, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Sisi tulishindwa tangu nyumbani."

Nesi akanichagua mimi, labda kwa sababu nilikuwa kimya. Mama aliwekewa hewa na dripu. Daktari akasema tumefika mapema, na ilibidi nitoke nje kidogo niegemee ukuta, kisha nikarudi. Jioni Mama alifumbua macho, akatazama dari, akanitazama. Aliuliza nani amekuja. Nikamtajia, jina kwa jina, hadi majirani.

"Na ndama," alisema, "nani anafunga ndama?"

Nilitoka nje kuwauliza. Walikuwa wamekaa chini ya baraza, Shangazi ameshawasha mkaa. Wakatazamana. Hakuna aliyebaki nyumbani, hata mtoto.

Jonathan akasimama, akajipapasa mfukoni kutafuta ufunguo, akaenda kwenye gari. Mvua ilikuwa imeanza upya, nzito, inatoka upande wa Ziwa. Hakuna aliyemuuliza kama atapita.